Simu Yako, Ufunguo Wao

Fanya jaribio dogo. Toa simu yako, ingia kwenye mipangilio, tafuta apu moja iliyokuja na simu na ambayo hujawahi kuifungua tangu uinunue, halafu jaribu kuiondoa. Sisemi kuizima. Kuiondoa, itoke kabisa. Wengi wenu mtakuta hakuna kitufe cha kuondoa. Kuna cha kuzima tu, na wakati mwingine hata hicho hakibonyezeki. Umetoa elfu kumi na nne, au umelipa mdogo mdogo mwaka mzima, na bado kuna mtu mwingine anayeamua nani ataishi ndani ya simu yako.

Sitazunguka mbuyu: simu ambayo huwezi kubadilisha mfumo wake si yako. Wewe ni mpangaji humo, na mwenye nyumba ana ufunguo wa ziada, anaingia saa anayotaka, na siku akichoka kukarabati paa anakwambia uhame.

Najua jibu litakalokuja kwanza. "Lakini Android ni programu huria, bana." Ni kweli, nusu. Google iliinunua Android mwaka 2005, simu ya kwanza ikatoka 2008, na msimbo wake ukawekwa wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadilisha. Ndani kabisa kuna kiini cha Linux, kile alichokianzisha Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, na leseni yake ya GPL inasema hivi: ukimpa mtu programu hii, mpe na msimbo wake.

Ila kile wewe unachokiita Android sicho hicho. Play Store si huria. Ramani, Gmail, ile huduma ya chini kwa chini inayoleta notisi zako, zote si huria. Mtengenezaji anayezitaka lazima atie sahihi mkataba. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliipiga Google faini ya yuro bilioni 4.34 kwa sababu ya mikataba hiyo. Kosa mojawapo lilikuwa kuwazuia watengenezaji wanaotaka apu za Google wasiuze hata simu moja yenye toleo la Android ambalo Google haijaliidhinisha. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza faini hadi bilioni 4.125, lakini hatia ikabaki pale pale.

Waulize Huawei kama Android ni huria. Mwaka 2019 Marekani iliiweka kampuni hiyo kwenye orodha ya vikwazo. Msimbo ulio wazi hakuna aliyewanyang'anya. Walichonyang'anywa ni Play Store na ndugu zake, na hilo lilitosha kuuvunja mgongo wa biashara yao ya simu nje ya Uchina. Na Machi 2025 Google ikasema kuanzia sasa kazi yote ya kuitengeneza Android itafanyika ndani kwa ndani, msimbo utolewe toleo likiwa tayari. Yaani chakula kinapikwa mlango ukiwa umefungwa, wewe unaletewa sahani na unaambiwa jikoni ni kwa wote.

Sasa, mbadala upo, na umekuwepo miaka. LineageOS ilizaliwa Desemba 2016 kutoka kwenye majivu ya CyanogenMod, na hadi leo watu wa kujitolea wanaitumia kuzipa Android mpya simu ambazo kampuni zilizitelekeza zamani. GrapheneOS inafunga milango ya udukuzi kwa ukali ambao hata wataalamu wa usalama wanauheshimu. Wafaransa wana /e/OS, Android iliyokamuliwa Google ikatoka. Ubuntu Touch iliachwa na kampuni iliyoianzisha mwaka 2017, jamii ya watumiaji ikaiokota na kuilea. Kuna postmarketOS, ambayo ndoto yake ni simu kuishi miaka kumi. Zote hizi ni bure. Msimbo wake unaweza kuusoma usiku wa leo, kwa bando lako la usiku.

Halafu uliza: kwa nini mtaani humjui hata mtu mmoja anayezitumia?

Wale wasee wa teknolojia watakwambia ni kwa sababu sisi hatujali faragha, hatujasoma, tunapenda vya bure. Huo ni upuuzi, na ndio ulionifanya niandike. Nenda kwenye orodha ya simu zinazokubali LineageOS. Utakuta Pixel, OnePlus, Xiaomi, Motorola, Samsung kadhaa. Zile Tecno, itel na Infinix za bei ya chini, ambazo ndizo zimejaa mifukoni mwetu kwenye matatu ya kwenda Rongai, huzioni. GrapheneOS ndiyo kabisa: imejengwa kwa ajili ya Pixel, simu ya Google yenyewe, ambayo hapa Nairobi ikiwa mpya inakula kodi ya nyumba ya miezi mingi. Uhuru umejengwa, sawa, lakini umejengwa ghorofa ya kumi na mbili na lifti haifiki kwetu.

Kinachozuia kina jina: butiloda. Ni programu ndogo inayoamka kabla ya kitu kingine chochote ukiwasha simu. Kazi yake ni kuangalia sahihi ya kidijitali ya mfumo unaotaka kuwaka. Sahihi ikiwa ya mtengenezaji, pita. Ikiwa ya mtu mwingine, rudi ulikotoka. Baadhi ya watengenezaji wanakuruhusu kuifungua. Pixel nyingi zinafunguka kwa amri moja ya kompyuta. Xiaomi inakutaka ufungue akaunti, uombe, usubiri. Wengine hawana njia rasmi kabisa. Na hata ukiipata njia, unagonga ukuta wa pili: msimbo wa kiini wa simu yenyewe, ule unaoelewana na chipu, kamera na modemu. GPL inasema utolewe. Kwa simu nyingi za bei ya chini huupati, au unatupiwa kipande kisichokamilika, na nani atawashtaki? Mtu aliyenunua simu ya elfu tisa?

Hii si nadharia kwangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu karo ilipokataa kujilipa, na tangu hapo ofisi yangu ni simu. Makala ninaandika humo, wahariri wananipata humo, malipo yanaingia humo. Simu niliyokuwa nayo niliichukua kwa mkopo kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Jumamosi moja usiku ikajifunga nikiwa na makala nusu. Mteja alikuwa hajanilipa, kwa hiyo na mimi sikuwa nimelipa. Skrini nzima ikawa nambari ya kulipia. Maneno elfu moja na mia tatu yakawa yamekaa nyuma ya hiyo skrini, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Sawa, mkataba ni mkataba. Lakini miezi minne baadaye nilimaliza deni lote, nikapata ujumbe wa hongera, na ile apu ya kufunga ikabaki. Nilifuta simu yote ikarudi kama mpya, apu ikarudi nayo. Nilipiga simu huduma kwa wateja mara tatu. Mwishowe nikampelekea fundi wangu Luthuli Avenue, nikamwambia toa kila kitu, weka mfumo mwingine. Akaichomeka kwenye laptopu, akanyamaza dakika kumi, akanirudishia. "Hii imefungwa kutoka kiwandani, kaka. Nikilazimisha itakufa."

Tafakari hiyo sentensi. Fundi anaweza kubadilisha skrini, betri, tundu la chaji, spika, hata kuchomelea upya sakiti ndogo kama punje ya mchele. Kitu kimoja tu hawezi: kubadilisha anayeitawala.

Mikopo ya simu si kitu kidogo nchini. Tangu Julai 2020, Safaricom na Google walipozindua Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 kwa siku, wanunuzi wengi wa simu janja ya kwanza wameingia kwa mlango huo, na kampuni nyingine zikafuata. Mimi sipingi mkopo. Mama mboga aliyeweza kupata simu kwa ishirini kwa siku alipata kitu cha kweli. Ninachopinga ni kufuli linaloishi kuliko deni. Google yenyewe ina programu inayoitwa Device Lock Controller, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaokopesha simu. Maana yake uwezo wa kufunga simu kutoka mbali si ujanja wa kijana fulani wa kudukua. Umejengwa ndani ya mfumo, na funguo wanashika wao. Ukinunua bodaboda kwa mkopo, ukimaliza unapewa kitabu cha umiliki kikiwa na jina lako. Simu ukimaliza unapewa SMS.

Ukuta wa tatu ni pesa. Tuseme una bahati, simu yako inafunguka, umeweka LineageOS, inateleza kama siagi. Unafungua apu ya benki yako, inakwambia kifaa hiki si salama. Hapo umekutana na Play Integrity, ukaguzi wa Google ambao apu huuita kuuliza: mfumo huu umeidhinishwa? Haiulizi kama mfumo ni salama. Simu ya zamani iliyoachwa bila masasisho miaka mingi, yenye mashimo yanayojulikana na kila mwizi wa mtandaoni, inaweza kupita kiwango cha kawaida cha ukaguzi huo kwa sababu ina muhuri. Simu iliyosasishwa wiki hii na GrapheneOS inakataliwa kwa sababu haina. Sasa hapo usalama uko wapi? Hiyo ni kama askari wa lango anayempitisha mwizi mwenye kitambulisho na kumzuia mwenye nyumba aliyesahau chake.

Na sisi Wakenya tuna haki ya kucheka hapa, kwa sababu tulishathibitisha kwamba si lazima. M-Pesa ilianza Machi 2007, kabla Android haijaingia kwenye simu hata moja madukani. Ilikaa ndani ya laini ya simu. Hadi leo ukipiga *334# kwenye kadude ka vitufe kilichofungwa na raba, pesa inatoka. Haiulizi nani alitengeneza mfumo wako. Sisemi M-Pesa ni programu huria. Si huria hata kidogo. Nasema nchi nzima ilijenga uchumi juu ya huduma isiyojali simu yako ni ya aina gani, halafu leo tunahamishwa polepole kwenda kwenye apu zinazojali, na hakuna aliyetuuliza.

Kufuli la nne liko njiani. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwenye simu za Android zilizoidhinishwa huko Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, apu haitasakinishwa mpaka aliyeiandika awe amejisajili kwao na kuthibitisha utambulisho wake, hata kama apu hiyo haitoki Play Store. Kuanzia 2027 mpango ni kuusambaza duniani kote. F-Droid, duka la programu huria lililoanza 2010, lilipiga kelele, na wengine wengi pia. Baadaye Google ikasema itaacha kanjia kwa wazoefu wanaokubali hatari. Kanjia. Kwenye simu uliyonunua.

Kama unadhani hili ni la watu wa Brazil, kumbuka Mei 2025 hapa kwetu. Programa mmoja wa kike alitengeneza chombo cha mtandaoni cha kuwasaidia wananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha. Akakamatwa, akalala seli, akashtakiwa kwa sheria ya uhalifu wa mtandaoni, mpaka mahakama ikasema mashtaka hayana mguu. Chombo chake kilikuwa tovuti. Kesho kitakuwa apu. Sasa niambie, kwenye nchi ya namna hii, unataka kila anayeandika apu awe na jina, anwani na nambari ya simu kwenye faili moja iliyoko Marekani, ambayo serikali yoyote inaweza kwenda kuibishia hodi?

Lakini wacha niwageukie na wa upande wangu, kwa sababu na sisi tuna uongo wetu. Tunapenda kusema msimbo ukiwa wazi basi uhuru umefika. Haujafika. Mozilla ilitoa Firefox OS mwaka 2013, huria, nyepesi, imelengwa hasa kwa watu wa kipato cha chini. Miaka michache ikakata kamba. Kutoka kwenye msimbo ule ule ikazaliwa KaiOS, ikaingia kwenye simu za vitufe za bei rahisi, Afrika ikiwemo. Mwaka 2018 Google ikaweka humo dola milioni 22. Watu wakapata WhatsApp kwenye kadude. Halafu katikati ya 2024 WhatsApp ikaondolewa kwenye duka la KaiOS, na mapema mwaka uliofuata ikaacha kufanya kazi hata kwa waliokuwa nayo. Asili ya msimbo ilikuwa huria na haikumsaidia mtu yeyote, kwa sababu mambo ambayo maisha yameshikilia yalikuwa mikononi mwa mwingine.

Kwa hiyo sikwambii leo uende ukaweke LineageOS. Ukiweza, weka. Wengi wetu hatuwezi, na kutuambia tununue Pixel ndiyo tupate faragha ni kumwambia mtu wa Mathare achimbe kisima chake maji yakipotea. Tunachohitaji ni sheria, na naweza kuitaja kwa vipande vitatu.

Cha kwanza, deni likiisha, kufuli linaisha, siku hiyo hiyo, na njia ya kufungua butiloda anapewa aliyelipa. Cha pili, kampuni ikiacha kutuma masasisho kwa simu fulani, itoe msimbo wa kiini na iache butiloda ifunguke, ili mafundi na vijana wa kompyuta waendelee pale ilipochokea. Cha tatu, benki na ofisi za serikali zisimnyime mtu huduma kwa sababu tu mfumo wake hauna muhuri wa kampuni moja. Wapime usalama wenyewe, au waache njia ya vitufe wazi.

Watasema wezi watafurahi, simu zikifunguka zitaibwa zaidi. Butiloda iliyotengenezwa vizuri haifunguki mpaka mwenye simu aingie kwa nywila yake na kuruhusu, na ikifunguka data yote inafutwa. Pixel zimefanya hivyo kwa miaka. Kama ingekuwa dawa ya wizi, mbona simu zilizofungwa zinanyakuliwa kila jioni pale Globe? Watasema wakopeshaji watapata hasara. Wapi? Hakuna anayeomba kufuli litoke kabla ya shilingi ya mwisho. Watasema soko letu ni dogo, kampuni zitatukimbia. Hizi ni kampuni zinazopigania kila kibanda cha Moi Avenue kwa mabango na miavuli ya rangi. Hazikimbii popote.

Na serikali isitwambie haina nguvu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kutosha kuhusu anachonunua. Mwaka 2023 serikali hiyo hiyo iligawa simu kwa wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000. Mnunuzi wa simu laki moja ana mdomo. Angeweza kuandika kwenye zabuni mstari mmoja tu: simu hizi lazima zifunguke, na msimbo wake tukabidhiwe. Mwaka huo huo kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River, hotuba zikatolewa, ikasemwa tumeanza kujitengenezea. Tunaunganisha mabati na skrini, sawa. Roho ya simu inakuja ikiwa imefungwa kama ilivyofungwa kila siku. Kama unaipa kampuni nafuu ya ushuru ili ifunge skrubu hapa, omba na ufunguo.

Wakati tukisubiri wabunge wajue butiloda ni nini, kuna kitu kidogo kilicho mikononi mwetu. Siku utakapoenda kununua simu, kabla hujauliza kamera ina megapikseli ngapi, muulize anayekuuzia maswali mawili: hii itapata masasisho mpaka mwaka gani, na butiloda yake inafunguka? Hatajua. Atamwita mwenzake, mwenzake atacheka. Uliza tu. Mwambie umetumwa uulize. Uliza kwa mkopeshaji pia, kwa maandishi: nikimaliza kulipa, apu yenu inatoka siku gani? Tunza jibu. Swali likiulizwa na mtu mmoja ni usumbufu. Likiulizwa na watu mia kwa wiki, kuna meneja mahali ataanza kulitafutia jibu, kwa sababu ataogopa duka la jirani limelipata kwanza.